Uzoefu wangu: bwawa la kuogelea kwenye kiwanja chembamba kama uchochoro

Kiwanja chetu cha Mbezi Beach ni cha kugawana urithi: upana mita 11, urefu zaidi ya 40, ukuta huku na ukuta kule. Mafundi waliotangulia wote walichora kitu kilekile, bwawa katikati na vinjia viwili vya kupita kwa ubavu. Mbunifu wa bustani tuliyemchukua hatimaye alilisogeza bwawa lote hadi karibu na ukuta wa mashariki, akatuachia upande mmoja mpana wa kuweka meza, viti, na watoto kukimbizana. Kwa hilo tu ningemlipa tena.

Kilichonifurahisha zaidi ni upepo. Kabla hajashika kalamu aliuliza majani ya miti ya jirani huangukia wapi wakati wa kusi, na wapi wakati wa kaskazi. Tundu la kunyonya takataka likawekwa ncha ya kaskazini, maana kusi ndiyo inayotukalia muda mrefu na husukuma uchafu wenyewe hadi pale. Asubuhi kijana wetu anamwaga kikapu, basi. Wavu umeota vumbi stoo.

Urefu kauvunja kwa vichaka vya asumini vinavyoziba nusu ya upana, mara kushoto mara kulia, hivyo ukiwa barazani huoni kiwanja kinaishia wapi. Mkungu wa zamani aliukataa kabisa: majani yake ni mapana, yanapukutika kwa mkupuo na yakilala majini yanatia rangi ya chai. Mama mkwe alinuna, kivuli kilikuwa chake.

Sasa lawama. Ukingoni alitandika mawe meusi, mazuri kwenye picha, lakini saa nane mchana hayakanyagiki. Watoto walikuwa wakitoka majini wanaruka moja kwa moja hadi kwenye nyasi. Nilipompigia alisema yatapoa msimu ukibadilika! Tumeyang'oa kwa hela zetu, tukaweka ya matumbawe. Tena maji ya kusafishia chujio la mchanga aliyaelekeza kwenye ukoka, ukababuka kwa klorini mpaka fundi bomba alipotuchimbia shimo la kokoto.

Kazi yake ya kuchora naipa alama za juu. Kwenye vifaa, mdai kipande cha jiwe, kianike juani hadi saa nane, ukikanyage peku kabla ya kutoa malipo ya awali.