Kombe huyu sikumshinda, nilimnunua: miezi 14 na Tridacna jijini Kampala

Nikimwambia mtu hapa Kansanga kwamba nina kombe nyumbani, swali linalofuata ni nililishinda wapi na nachezea timu gani. Mzee jirani yangu alikuja kulitazama kabisa, akakuta tangi la lita 300, mawe, na mdudu mwenye magamba mawili na nyama ya buluu iliyojikunjakunja kama pindo la leso. Akaniuliza kama analiwa. Nikamwambia kwetu Likoni, pwani ya Mombasa, tunawala jamaa zake, lakini huyu amenigharimu shilingi laki tisa, mzee wangu, tumwache aishi.

Jina lake la kitaalamu ni Tridacna maxima. Nimenunua wawili, kwa wauzaji wawili. Wa kwanza alikufa siku ya 9. Wa pili yupo mpaka leo.

Duka la kwanza silitaji. Kombe alikuwa chini ya taa ya buluu tupu, na hilo peke yake lingetosha kunishtua, maana chini ya taa ile hata fulana yangu nyeupe iling'aa. Kijana wa dukani akanihakikishia: "Huyu yuko poa kabisa, ssebo, ona alivyofunguka!" Nikaona kweli kafunguka. Kumbe huko kufunguka ndiko kulikokuwa ugonjwa wenyewe.

Kombe ana matundu mawili juu ya nyama yake: moja refu kama mpasuo, la kuvutia maji, na jingine dogo kama bomba, la kuyatolea. Akiwa mzima, anatandaza nyama yake ya rangi hadi ipite ukingo wa magamba na kuyafunika, na ule mpasuo unabaki mwembamba. Akielemewa, mpasuo unaachama kama mdomo wa mtu anayepiga miayo, mpaka unaweza kuchungulia ndani ukaona mashavu yake ya kupumulia. Basi kutandaa ni afya, kuachama ni dalili ya shida. Mimi nilimnunua anayeachama nikidhani anatabasamu.

Nilipitisha mkono juu yake kumtia kivuli, kama nilivyosikia watu wakifanya. Alijifunga polepole, kama geti la chuma lililokosa grisi. Nikajisemea huyu ni mpole. Kombe mzima hafanyi upole: kivuli kikimpitia anajivuta mara moja, kisha baada ya muda anatandaza tena.

Lakini nadhani kilichomuua hasa ni namna alivyotolewa. Maxima hujishikiza kwenye jiwe kwa nyuzi ngumu zinazotoka kwenye tundu chini ya magamba, karibu na bawaba. Nyuzi hizo hukatwa kwa wembe karibu na jiwe. Yule kijana alimshika akamng'oa kama anayeng'oa muhogo. Nyumbani nikamgeuza, nikaona nyama ya mguu imechanika. Siku ya 9 asubuhi sebule ilinuka, nikamtoa haraka, ila kamba wangu wawili walikuwa wameshamfuata. Niliporudi dukani niliambiwa chumvi yangu ndiyo mbaya. Nilikuwa nimeipima kwa refraktomita: 35 kwa elfu, joto nyuzi 26. Nyota moja, na hiyo ni kwa sababu walinipa mfuko usiovuja.

Muuzaji wa pili yuko upande wa Entebbe, na anaagiza wachache tu. Alikaa na kombe wiki tatu kabla ya kukubali kumuuza, akanipa pamoja na jiwe lake bila kumgusa, na akatoa karatasi za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, kabla sijaziuliza. Tridacna wote wamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba ule, kwa hiyo asiye na karatasi mwache na bidhaa yake. Bei ni kali, nyota moja nimeikata hapo. Lakini aliwasha taa nyeupe bila kuombwa, akanionyesha kitu ambacho sasa ndicho ninachokitazama kabla ya rangi: mstari mweupe, safi, kwenye ukingo wa juu wa gamba, mfano wa ukucha unaochomoza chini ya hina. Hilo ni gamba jipya. Kombe anayejenga gamba anakula, anapata mwanga, na maji yanamfaa. Wangu alikuja na sentimita 7, sasa amepita 9.

Rangi inadanganya, na nilijifunza hivyo kwa gharama ya usingizi. Kila Jumamosi napima alkalini na kalsiamu, vitu vya majini ambavyo kombe hujengea gamba, kwa dawa za matone. (Kwa kalsiamu unadondosha mpaka waridi igeuke buluu, na macho yangu ya miaka 50 hubishana na ya binti yangu kuhusu tone la mwisho.) Miezi ya mwanzo, nisipoongeza kitu, alkalini ilishuka kutoka 8.5 hadi kama 7.5 kwa wiki. Nilifurahi, maana ilikuwa inakwenda kwenye gamba na matumbawe. Halafu wiki moja haikushuka. Wiki ya pili vilevile. Kombe kwa macho alikuwa bibi harusi, nyama imetandaa, buluu yake ile ile, ila ule mstari mweupe ulikuwa umefifia.

Nikaamka saa nane usiku na tochi. Pembezoni mwa magamba kulikuwa na konokono weupe watano, kila mmoja kama punje ya mchele, wametoka kumfyonza. Mchana hujificha chini, kwa hiyo ukitazama saa za kazi hutawaona maisha. Niliwatoa kwa kibano, nikasugua gamba kwa mswaki, kwa sababu hutaga mayai ndani ya utelezi unaoganda juu yake, nikarudia kila usiku kwa karibu mwezi mzima. Alkalini ilipoanza kushuka tena nilipika pilau.

Kuna jambo moja lingenifanya nimzike kombe mzima. Tangi liko njia ya kwenda jikoni, na baada ya miezi kadhaa aliacha kushtuka tukipita. Nilipata baridi. Kumbe ametuzoea tu, kwani nikimkaribia kwa kalamu kutoka upande asioutarajia, anajifunga paa! Kwa hiyo kivuli ni kipimo kizuri dukani, nyumbani si sana.

Mambo ya huku kwetu: usiku Kampala hupoa hadi nyuzi 17 au 18, hivyo mimi wa Likoni nalipa umeme wa kupasha maji ya bahari joto. Umeme ukikatika, betri na inveta vinaendesha pampu ya maji kwanza, taa baadaye. Siku moja ya giza kombe anaivumilia, lakini maji yakituama hewa inakwisha. Maji ya bomba nayapitisha kwenye chujio la RO, lile la utando unaozuia uchafu ulioyeyuka, kabla ya kutia chumvi, hilo halina mjadala. Na nilipobadilisha taa kwa yenye nguvu zaidi, alijikunja ndani ya gamba wiki nzima mpaka nilipoipunguza na kuipandisha kidogo kidogo. Angepauka kuanzia katikati ningejua ule mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama yake na kumlisha umeanza kuondoka. Hakufika huko.

Muuzaji wa Entebbe nampa nyota nne. Juzi amenipigia kusema mwezi ujao anapokea wengine, yupo wa rangi ya dhahabu. Nimemwomba picha: taa nyeupe, kamera kwenye ukingo wa gamba. Hela bado ziko kwangu.