Kapu la mboga kutoka shambani: lini linalipa kwa nyumba ya Dar es Salaam

Kuletewa mboga nyumbani kumekuwa jambo la kawaida Dar es Salaam. Unaagiza kwa WhatsApp, unalipa kwa simu, bodaboda anagonga geti. Kama huduma hiyo inakulipa au la, inategemea zaidi unachoagiza kuliko bei iliyoandikwa kwenye tangazo. Msimamo wetu ni huu: chukua shambani vitu vinavyoharibika upesi, yaani mboga za majani, mayai, kuku na maziwa. Viazi, vitunguu, vitunguu saumu na nazi endelea kununua sokoni. Mchicha uliochumwa jana jioni si sawa na ule uliolala mezani siku mbili, lakini kitunguu cha Ruaha Mbuyuni kilichokauka vizuri hakijali kimeletwa na nani.

1. Shamba la karibu, unachagua mwenyewe

Hili ndilo chaguo la kwanza kwa nyumba ya watu wanne na zaidi. Mashamba ya Kibaha, Bagamoyo, Mkuranga na Kigamboni hutuma orodha, unataja unachotaka, wanachuma kulingana na oda. Tarajia mboga za joto la pwani: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya kunde na ya maboga, bamia, bilinganya, nyanya chungu.

Kabla ya oda ya kwanza uliza wanamwagilia maji gani. Kisima au bomba ni jibu zuri. Bustani za kandokando ya Mto Msimbazi zina tatizo la maji taka na maji ya viwandani, na hilo haliondoki kwa kusuuza majani. Uliza pia dawa ya mwisho ilipulizwa lini, na ni dawa gani. Kila dawa ina siku za kungoja kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye lebo, na mkulima makini anazitaja bila kubabaika. Akisema “sisi ni asilia tupu”, mwulize kama ana alama ya Kilimohai, alama ya kilimo hai ya Afrika Mashariki iliyoanza kutumika 2007. Asiyekuwa nayo si lazima awe mwongo, ila hapo usilipe bei ya juu kwa neno hilo peke yake.

2. Oda ya kundi kutoka milimani

Karoti, kabichi, njegere, hoho na liki hutoka Mgeta na Lushoto. Majirani sita hadi kumi wa jengo moja wakiagiza pamoja, nauli ya mzigo inagawanyika na bei inaweza kushuka chini ya genge. Ugomvi huja kwenye kugawana. Nunueni kwa kilo, si kwa gunia, maana lumbesa bado ipo ingawa sheria ya vipimo inaikataza, na mwenye gunia lililofura hajui amenunua kilo ngapi. Awepo mtu mmoja mwenye mizani na daftari. Njegere ulizeni kama zimemenywa: kilo moja yenye maganda hutoa punje kama gramu 400 tu.

3. Kapu lililopangwa

Bei moja kila wiki, na aliyepanga ndiye anayejua kilichomo. Linamfaa anayepika kila siku na asiyechagua mboga. Kasoro yake ni marudio: msimu wa figiri, utakula figiri wiki tatu mfululizo, na la tatu litaozea kwenye friji. Angalia pia uwiano. Kapu la “kilo 12” lenye kilo sita za viazi na kabichi kubwa ni usafiri wa boda uliolipia vitu vya genge la jirani.

4. Duka la mtandaoni linalokusanya kila kitu

Ni rahisi kutumia, ila mzigo mwingi huenda umepita sokoni alfajiri kabla ya kukufikia. Tumia ukiwa na haraka.

Kwa anayeishi peke yake au wawili, hasa wasio na friji, genge linashinda yote haya manne. Unanunua nyanya za leo, mama anakuchagulia zilizoiva, na nyongeza juu.

Kumjua dalali aliyevaa kofia ya mkulima

Shamba la kweli hukosa vitu. Anayekuletea kila kitu mwaka mzima bila kusema “wiki hii hakuna” ananunua mahali fulani. Brokoli na koliflawa kutoka “shamba letu Bagamoyo” zitilie shaka, ni mazao ya baridi. Vivyo hivyo karoti za Lushoto “zilizochumwa leo” zinazofika saa 3 asubuhi: magari ya mboga husafiri usiku, kwa hiyo zimechumwa jana au juzi. Kuku nao: chotara wengi huuzwa kwa jina na bei ya kienyeji. Nunua kwa uzito baada ya kuchinjwa. Kuku hai wa kilo mbili hubaki na kama kilo 1.4.

Jaribu makapu mawili kwanza

Pima kila kitu kinapofika, andika. Mwisho wa wiki toa ulichotupa: majani ya nje ya kabichi, nyanya zilizopasuka, mboga ambayo hakuna aliyeila. Nenda gengeni na orodha ya kilicholiwa, uliza bei ya uzito uleule. Tuseme kapu ni shilingi 30,000 na boda 4,000, jumla 34,000, na genge lingekugharimu 27,000. Shilingi 7,000 ndiyo bei ya kuletewa. Kama safari yako ya Ilala au Kisutu na boda ya kurudi na mzigo inakula 6,000, umelipia 1,000 kwa asubuhi nzima. Kama genge liko mlangoni, umelipia 7,000 kwa ubichi, na ni mboga za majani tu zinazouonyesha. Usigawe bei ya kapu kwa jumla ya kilo, kwa sababu viazi vitakudanganya.

Panga mzigo ufike kabla ya saa 4 asubuhi. Mboga za majani zilizofungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa, nyuma ya pikipiki, jua la mchana, hujipasha joto zenyewe na kugeuka njano kesho yake. Zikifika zifungue, ondoa yaliyooza, zisioshwe. Zifunge kwa kitambaa kikavu kisha friji. Nyanya zikae nje mpaka ziive. Viazi viwe gizani, mbali na vitunguu.

Malipo ya mwezi mzima yakatae, hata wakikupunguzia, hasa masika. Kuanzia Machi hadi Mei barabara za milimani huharibika na ukungu hushambulia nyanya, bei inapanda na makapu yanapungua uzito kimyakimya. Lipa kapu kwa kapu. Mkubaliane mapema kwa maandishi: kilichooza kipigwe picha ndani ya saa mbili tangu kufika, na fedha yake ikatwe kwenye oda inayofuata.