Uzoefu wangu wa kulipia matumizi melini: ada si tatizo kubwa, tatizo ni fedha inayozuiwa

Kwenye meli za kitalii zinazoondoka Miami, Fort Lauderdale na Port Canaveral kwenda Bahamas na visiwa vya Karibi, noti mfukoni haina kazi kubwa. Soda, bia, picha, masaji, intaneti, vyote hupita kwenye kadi ya chumba. Kampuni ya meli ya Carnival huiita Sail & Sign, Royal Caribbean huiita SeaPass, na Princess wameacha kadi wakaleta kidude cha kuvaa kiitwacho Medallion. Kazi ni ileile: kinafungua mlango wa chumba, kinakutambulisha unapopanda na kushuka, na kila unachonunua kinaandikwa kwenye akaunti yako ya melini. Kadi hiyo yenyewe haina fedha. Fedha iko kwenye kile ulichokiweka nyuma yake, na hapo ndipo watu wengi huchagua vibaya.

Nimeshalipa kwa kadi ya mkopo, kwa kadi ya benki inayokata moja kwa moja kwenye akaunti, kwa fedha taslimu na kwa kadi za zawadi. Wengi wakiulizana juu ya jambo hili huanza na ada: benki gani inakata asilimia ngapi. Mimi naanza na zuio, kwa sababu ada ya asilimia 3 kwenye bili ya dola 640 ni dola 19 na senti 20 tu, lakini zuio linaweza kukufungia mamia ya dola kwa wiki mbili baada ya kurudi nyumbani.

Zuio linafanya kazi hivi. Siku ya kupanda, meli inaiomba benki yako itenge kiasi fulani. Hakijakatwa, ila huwezi kukigusa. Ukitumia zaidi, meli inaomba kiasi kingine, na kwa kampuni nyingi hili hurudiwa kila siku unapotumia. Tuseme mazuio ya safari nzima yamefika dola 640, kwa vipande: 200, kisha 90, kisha 150, na kuendelea. Usiku wa mwisho meli inafunga hesabu na kutuma bili moja ya dola 640. Benki inaangalia vile vipande, haioni hata kimoja kinacholingana na 640, kwa hiyo inalipa bili na vipande vinabaki vimezuiwa mpaka muda wake uishe. Kwa siku kadhaa akaunti yako imepungukiwa na dola 1,280 kwa matumizi ya 640. Hakuna aliyekuibia, na dawati la melini halina la kukusaidia, kwa sababu kuondoa zuio ni kazi ya benki yako. Benki nyingine huliachia ndani ya siku 3 za kazi, nyingine siku 10, na zipo zinazosubiri hadi siku 30.

Kwa kadi ya mkopo, zuio hilo linapunguza tu kiwango unachoruhusiwa kukopa. Kwa kadi ya benki linashika mshahara wako. Ndiyo maana kadi ya benki naipa alama 2 kati ya 5, hata pale ambapo ada yake ni ndogo kuliko ya mkopo. Kama akaunti hiyo ndiyo inayolipa kodi ya nyumba au ada ya shule, usiisajili melini. Kama huna nyingine, fungua akaunti ya pembeni, weka humo mara mbili ya unachotarajia kutumia, na usajili kadi ya akaunti hiyo peke yake.

Kadi ya mkopo isiyotoza ada ya matumizi ya nje naipa 5. Kwa aliye Marekani na meli inayohesabu kwa dola, karibu kadi yoyote ya mkopo itafaa. Walio Ulaya waangalie sarafu ya meli kwanza. Kwenye Bahari ya Mediterania, Costa na MSC huhesabu kwa yuro; P&O Cruises wa Southampton huhesabu kwa pauni; meli za Marekani hubaki na dola hata zikiwa zimetia nanga Barcelona. Anayeishi Ujerumani akapanda meli ya yuro hana cha kubadilisha. Akipanda ya dola, atakutana na mtego ufuatao.

Baadhi ya meli hujitolea kukubadilishia bili iwe kwa sarafu ya kadi yako, na kwenye fomu ya usajili alama ya kukubali huwa imeshawekwa. Inaonekana kama msaada: utaona pauni au yuro badala ya dola. Lakini bei ya kubadilisha ni ya meli, na ndani yake kuna nyongeza, mara nyingi asilimia 3 au 4. Kwa bili ya dola 640, asilimia 4 ni dola 25 na senti 60. Benki nyingine huongeza na ada yao juu yake, kwa sababu muuzaji bado yuko nje ya nchi. Nenda dawati la huduma kwa wageni siku ya kwanza au ya pili, waambie wazi kwamba unataka kutozwa kwa sarafu ya meli, na hakikisha wamebadilisha mbele yako. Usingoje usiku wa mwisho, maana bili ikishafungwa hawaifungui tena.

Sasa wenzangu mnaosafiri na kadi za Dar, Nairobi, Kampala au Kigali. Kadi nyingi hukwama kwa sababu zinazofahamika, na zote hutatuliwa ukiwa bado nyumbani. Benki nyingi huifunga kadi isifanye kazi nje ya nchi mpaka mwenyewe uiruhusu, kwenye programu ya simu au tawini. Kadi pia ina kikomo cha matumizi kwa siku, na zuio la kwanza pamoja na tiketi ya ndege uliyonunua jana vinaweza kukivuka. Kuna tena ile namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi unapoingiza kadi mtandaoni: ukifanya usajili ukiwa Miami na laini yako ya nyumbani imezimwa, ujumbe haufiki na kadi inakataliwa. Sajili kadi wiki mbili au tatu kabla ya safari, simu ikiwa mkononi na mtandao wa nyumbani ukiwa unashika. Baharini mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu simu hushika mtandao wa meli wenye bei kubwa mno, na kuzungumza na benki kwa WhatsApp kunahitaji ununue kifurushi cha intaneti kwanza.

Ukiwa na akaunti ya dola nyumbani, omba kadi yake. Benki kadhaa za Tanzania na Kenya huitoa. Inakuondolea kubadilishiwa shilingi kwenda dola kila siku kwa bei usiyoiona. Lakini zuio liko palepale, kwa sababu bado ni kadi inayoshika fedha halisi. Kadi za mtandaoni zisizo na plastiki, mfano M-Pesa GlobalPay ya Safaricom na Visa iliyoanza 2022, mimi sizitegemei kwa kazi hii. Zinachota salio la pesa za simu, na salio likipungua usiku mmoja tu, ombi la zuio linarudi mikono mitupu. Pia mashine za usajili melini hutaka kadi ya kushika mkononi.

Fedha taslimu naipa 3, na kwa msafiri asiye na kadi ya mkopo ndiyo njia ninayoipendekeza kuliko kadi ya benki. Unakwenda dawati la huduma kwa wageni, kwenye meli nyingine kuna mashine maalumu, unaweka dola, unapewa risiti, unatumia mpaka ziishe. Zikiisha kadi ya chumba inakataa, hata kwa chupa ya maji, mpaka uongeze. Hakuna zuio wala mshangao wa mwezi ujao.

Kinachowaumiza watu wa taslimu ni bakshishi. Kampuni kubwa za Marekani huongeza bakshishi ya wahudumu yenyewe kwenye akaunti yako kila siku, na kwa vyumba vya kawaida sasa ni takriban dola 16 hadi 20 kwa kila mtu, watoto wakiwemo kwenye kampuni nyingi. Chukua 18: watu wawili kwa usiku 7 ni dola 252. Aliyeweka dola 300 akidhani ana za kunywea, zimebaki 48. Tena kwenye baa kila kinywaji kina nyongeza ya asilimia 18 hadi 20, kwa hiyo kinywaji cha dola 14 kinaandikwa dola 16 na senti 52 kwa kiwango cha chini. Dawa ni kulipa bakshishi zote kabla ya safari, wakati wa kukata tiketi au baadaye kwenye programu ya kampuni. Hapo amana yako inabaki ya matumizi kweli.

Kuhusu noti zenyewe: zile dola za kabla ya 2006 ambazo maduka ya kubadilishia fedha kwetu huzikataa au kuzinunua kwa bei ya kutupa, Marekani zote ni halali. Muhimu zisiwe zimechanika. Na usiende dawatini saa za mchana wa siku ya kwanza, foleni ni ndefu. Baada ya chakula cha usiku, saa 4 hivi, panakuwa shwari.

Amana isiyotumika hurudishwa, na hapa nina onyo moja zito. Ichukue mwenyewe kwa mkono usiku wa mwisho au alfajiri kabla ya kushuka. Ukiondoka bila kuichukua, baadhi ya kampuni hutuma hundi ya Marekani kwa posta. Kuipata hundi ya dola 37 hadi sanduku la posta la Mombasa, kisha benki ikubali kuipokea na kukata gharama zake, ni hasara tupu.

Kadi za zawadi zina faida kwa walio Marekani tu. Za Carnival huuzwa kwenye maduka makubwa na huingizwa kwenye akaunti ya Sail & Sign, kwa hiyo ndugu akitaka kukuchangia safari hiyo ni njia safi. Kadi za kulipia kabla za Visa zinazouzwa madukani hazifai: mazuio huzichanganya na salio dogo hubaki limenasa.

Salio la bure ambalo kampuni au wakala hukupa wakati wa kukata tiketi lichunguze ni la aina gani. Lipo linalorudishwa likibaki, na lipo linalopotea ukishashuka. Hilo la pili lipeleke kwenye bakshishi au intaneti mapema, usilibakize la kununulia fulana za haraka usiku wa mwisho. Kwa kawaida halifanyi kazi kasino. Na kasino kwa jumla, ukichezea akaunti ya chumba badala ya noti, kampuni nyingi hukata asilimia 3 hadi 5 kwa kila unachotoa. Mashine ya kutolea fedha melini nayo hutoza dola 5 au 6 na zaidi kwa mara moja, kabla benki yako haijaongeza yake.

Wenye watoto, waombeni dawatini waweke kikomo kwenye kadi za watoto au wazifunge kabisa. Michezo ya mashine inakula dola haraka kuliko aiskrimu.

Mpangilio ninaoutumia sasa ni huu: kadi ya mkopo isiyo na ada imesajiliwa, bakshishi imelipwa mapema, na dola 150 taslimu kwa noti ndogo za 1, 5 na 10. Hizo noti ni za wapagazi wa bandarini Miami, dola 1 au 2 kwa begi, na za teksi za Nassau, ambako dola ya Marekani inapokewa sawa kwa sawa na ya Bahamas. Hata ukiwa umesajili kadi, meli nyingi zinakuruhusu kupunguza bili kwa taslimu kabla hesabu haijafungwa. Kumbuka tu kwamba mazuio yaliyokwisha kuwekwa hayaondoki siku hiyohiyo kwa sababu umelipa noti.

Bili iangalie kila siku kwenye programu au kwenye televisheni ya chumbani. Makosa ya kawaida ni kinywaji cha chumba cha jirani, kitu kimoja kuandikwa mara mbili, na picha uliyoirudisha bado inadaiwa. Kosa la siku ya tatu ukilipeleka siku ya nne, mhudumu anaikuta risiti na kulifuta kwa dakika chache. Ukilipeleka asubuhi ya kushuka, utasimama nyuma ya watu mia huku kundi lako likiitwa kutoka.

Ukifika nyumbani, hifadhi bili ya mwisho. Siku 10 za kazi zikipita na zuio bado lipo, piga simu benki ukiwa na tarehe, kiasi cha kila kipande na namba ya idhini kama ipo kwenye taarifa ya akaunti, uombe kipande kwa kipande kiondolewe. Ukisema tu "meli imenikata mara mbili" watakufungulia lalamiko la wizi, wataifunga kadi, na zuio litabaki vilevile.