RecyclerView kwa Orodha Ndefu: Tathmini Kutoka Kisumu

Kwa miezi minane nimetumia RecyclerView, zana ambayo Google iliitambulisha mwaka 2014 kwa ajili ya kuonyesha orodha ndani ya programu za Android, kutengeneza orodha ya bidhaa za duka la vipuri vya pikipiki hapa Kondele, Kisumu. Orodha ina vipuri zaidi ya elfu mbili, kila kimoja na picha yake, na wengi wanaoifungua ni mafundi wenye simu za RAM ya GB 2, ambao hawawezi kungojea simu iliyoganda huku mwenye bodaboda amesimama kando.

Toleo la kwanza liliunda safu zote kwa pamoja ndani ya ScrollView, kisanduku cha kawaida cha kusogeza yaliyomo kwenye skrini, na kosa hilo lilikuwa langu: programu ilichelewa kufunguka, na katika baadhi ya simu ilijifunga kwa kukosa kumbukumbu. RecyclerView huunda safu za kutosha kujaza skrini, pamoja na chache za akiba, kisha huzitumia upya. Anayepanda matatu za Kisumu kwenda Kakamega ataelewa mara moja: abiria akishuka Chavakali, anayepanda hukalia kiti kilekile, wala hakuna anayechomelea kiti kipya. Lakini aliyeshuka akisahau mzigo, anayefuata huukuta kitini. Ndivyo nilivyoona picha ya cheni ikijitokeza kwenye safu ya breki, kwa sababu sikuwa nimeondoa picha ya zamani kabla ya kuitisha mpya. Hitilafu hiyo ilinila wiki nzima, na ningependa kila anayeanza aambiwe mapema.

Mahali ambapo zana hii haisaidii ni kwenye ukubwa wa picha. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000, ikishafunguliwa, kwa kawaida huchukua baiti 4 kwa kila pikseli, yaani takriban MB 48, hata kama faili lake ni la MB 3 tu; ile ya 200 kwa 200 huchukua KB 160. Kazi ya kuzipunguza niliikabidhi Glide, maktaba ya msimbo ulio tayari wa kupakia picha. Tena, skrini inayochorwa mara 60 kwa sekunde huupa kila mchoro mmoja takriban milisekunde 16, kwa hiyo kusoma hifadhidata kwa milisekunde 40 kwenye mkondo uleule unaochora skrini huonekana wazi kama mkwamo.

Bei zinapobadilika, DiffUtil, zana inayoandamana na RecyclerView, hulinganisha orodha ya zamani na mpya ili safu zilizobadilika pekee zichorwe upya.

Lawama yangu ni kwamba msimbo wa adapta, sehemu inayoweka data kwenye safu, ni mrefu, na orodha ya vitu kumi haistahili jasho hilo. Kwa maelfu ya bidhaa naipendekeza bila kusita. Juzi fundi mmoja aliipitia orodha yote kwa kidole gumba akitafuta klachi, na simu yake ya zamani haikukwama hata mara moja.