Jumamosi ya mwisho wa mwezi: uzoefu wangu na sekondari msingi moja ya Eastlands

Binti yangu ni wa lile kundi la kwanza la mtaala mpya wa CBC. Gredi ya 7, mwanzo wa sekondari msingi, ilipofunguliwa nchini Kenya Januari 2023 alikuwa mlangoni, na mwishoni mwa Oktoba 2025 akaketi KJSEA, mtihani wa kumaliza Gredi ya 9, ambao haukuwa umewahi kufanywa na mtu yeyote. Nimelipa ada miaka yote mitatu, kipindi ambacho hata walimu wenyewe walikuwa bado wanaulizana. Shule ni ya kibinafsi, ndogo, upande wa Buruburu, Nairobi. Jina naliweka kibindoni kwa sababu mdogo wake huenda akasoma papo hapo, na pia kwa sababu nina malalamiko.

Sisi tunaishi Umoja. Mwaka ule wa 2023 shule za msingi za umma ziliambiwa zipokee Gredi ya 7 ndani ya ua uleule. Serikali ilitenga shilingi 15,042 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, lakini madarasa na walimu hawakuja kwa kasi waliyokuja nayo watoto. Binti yangu si mtoto wa kunyoosha mkono. Ukimweka kwenye darasa lililofurika atakaa nyuma kimya mpaka muhula uishe, na hakuna atakayejua kama ameelewa au amelala. Ndiyo maana nikajifunga kibwebwe, chama chetu cha akiba kikanisaidia, nikampeleka mahali ambapo darasa lao halikufika watoto thelathini. Asubuhi anapita Mutindwa kwa miguu na wenzake. Nauli sikuwa nalipa, na hilo peke yake liliokoa bajeti.

Ukiniuliza nilikuwa nikinunua nini hasa, si sare nzuri wala basi la shule. Ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Shule nyingi humwita mzazi mara moja kwa muhula, siku ya kufunga, wakati mambo yameshakuwa yalivyo. Hii inawaita kila mwezi. Madawati yanapangwa ukumbini, kila mwalimu wa somo na dawati lake, na mtoto anakuja na wewe. Ukifika, mwalimu haanzi na alama. "Karibu mzazi, keti. Tuanze na faili yake." Faili ni jalada la kazi zote za mwezi: mazoezi, michoro, picha za mradi, insha zenye wino mwekundu. Mtoto ndiye anayelifungua na kueleza. Mwezi wa kwanza binti yangu alisema maneno matatu, akamtazama mwalimu amsaidie, mwalimu akanyamaza makusudi. Kufikia Gredi ya 8 alikuwa akiniambia, "Hii usiangalie bado mama, nitairudia."

Nitoe mfano mmoja ili mtu asidhani nasifia mikutano tu. Gredi ya 8, Hisabati, akaanza kuteleza. Kwenye ripoti ilikuwa "kukaribia matarajio," maneno ya upole ambayo hayakwambii ugonjwa uko wapi. Mwalimu akafungua faili, akaweka kidole kwenye mabano. Kila palipokuwa na alama ya kutoa mbele ya mabano, binti yangu alibadilisha alama ya kwanza ndani na kuiacha ya pili. Kosa ni hilo moja, ukurasa baada ya ukurasa, na kila jibu lililotokana nalo likawa baya. Yeye alikuwa ameshaamua kwamba hesabu si zake. Mwalimu akampa maswali machache ya kufanya kila jioni, ya mabano tu, na Jumamosi iliyofuata tukayaangalia pamoja. Mwezi wa tatu yule mtoto wa "hesabu si zangu" alikuwa akimsahihisha binamu yake aliye kidato cha kwanza. Ningengoja ripoti ya mwisho wa muhula ningeletewa daraja, nikamtafutia mwalimu wa ziada wa kumrudisha mwanzo wa kitabu, pesa zikaenda.

Kuna sababu nyingine inayoufanya mwezi uwe na uzito, na wazazi wengi niliozungumza nao hawakuijua mpaka Gredi ya 9. Matokeo ya kundi letu hayakutokana na mtihani wa mwisho peke yake. KPSEA, mtihani wa kumaliza Gredi ya 6, ilibeba asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 zikabeba 20, na KJSEA yenyewe 60. Kwa hiyo mradi wa Kilimo wa mtoto wa miaka kumi na tatu, ule unaofanywa kwa kulalamika, unaingia kwenye hesabu ya mwaka wa mwisho. Ukipita umepita. Kila somo lina ngazi nane, kutoka EE1 (kuzidi matarajio) yenye pointi 8 hadi BE2 (chini ya matarajio) yenye pointi 1, na masomo ni 9, kwa hiyo kilele ni pointi 72. (Walipoanza yalikuwa mengi zaidi, mkoba ulimpinda mgongo, yalipunguzwa 2024.) Shule yetu ilikuwa ikibandika ukutani kila mwezi orodha ya kazi za tathmini ambazo bado hazijakabidhiwa. Ilikuwa aibu ndogo yenye faida kubwa.

Sasa niingie kwenye zawadi, kwa sababu ndizo shule inazotangaza kuliko kitu kingine. Jumamosi hiyohiyo, baada ya madawati, kuna gwaride la "Mwanafunzi wa Mwezi." Cheti, makofi, picha kubwa kwenye ubao wa langoni. Nia ni nzuri. Hawamtuzi aliyeongoza kwa alama peke yake. Yuko wa usafi, wa michezo, wa ubunifu, wa kusaidia wenzake, wa aliyepanda zaidi kutoka mwezi uliopita. Hicho cha mwisho ndicho ninachokiheshimu. Nilimwona kijana mmoja aliyetoka chini kabisa katika Sayansi Jumuishi hadi kufikia matarajio, akapokea cheti chake huku baba yake, mtu wa jua kali aliyekuja na ovaroli, akishindwa kukaa kwenye kiti.

Vingine vimepoteza maana. Mwaka wa kwanza nyuso zilikuwa zilezile, wazazi wakanung'unika, na shule badala ya kueleza vigezo ikaanza kugawa kwa zamu. Kufikia muhula wa tatu kila mtoto alikuwa amekuwa bora katika jambo fulani. Wangu alipewa cha "nidhamu bora ya chakula cha mchana." Sijui hata inapimwaje. Yeye mwenyewe alikikunja akakiweka chini ya godoro, na akaniomba nisikipige picha kwa ajili ya hali yangu ya WhatsApp. Watoto wa umri huo wanajua sana sifa ya kweli na ya kupakwa. Cheti unaweza kukichapisha kwenye saiba yoyote ya mtaani kwa bei ya mandazi mawili.

Alichokijali yeye ni Tamasha za Muziki. Muhula wa pili wa Gredi ya 8 walichaguliwa kughani shairi kwa pamoja, wakapita ngazi ya zoni, wakapita kaunti ndogo, wakaishia kaunti. Hawakufika taifa. Lakini mtoto asiyenyoosha mkono alisimama mstari wa mbele na sauti yake ikasikika hadi nyuma ya ukumbi, nami nilikuwa nyuma ya ukumbi. Alirudi nyumbani akiwa amepwelewa sauti na hakutaka kuvua lile vazi. Hapo shule ilistahili pongezi, ila ililipa upande mmoja na kukopa upande mwingine: wiki za mazoezi zilimlia vipindi vya Sayansi, na hakuna aliyepanga vifidiwe. Jumamosi ya mwezi huo mwalimu wa Sayansi alinionyesha kurasa tupu kana kwamba mimi ndiye mwenye kwaya.

Gharama. Ada ya muhula ni ya kubanika lakini inajulikana, hupangiwi ghafla. Kinachouma ni "vifaa." Mwezi huu karatasi za manila, nyuzi na rangi, mwezi ujao magunia na udongo wa bustani, mwezi wa mapishi unga, mafuta na sufuria ambayo hurudi imebonyea. Hakuna kimoja kilicho ghali. Vyote kwa pamoja, kwa mzazi mwenye watoto wawili, ni kodi ya pili. Ubaya zaidi ni ujumbe wenyewe: unaingia kwenye kundi la WhatsApp Alhamisi usiku, katikati ya picha za maua na maombi ya asubuhi, ukisema kesho kila mtoto aje na chupa tatu za plastiki na mita ya kitambaa. Niliomba mara kadhaa orodha ya mwezi mzima itolewe siku ya Jumamosi ile tunapokutana. Walikubali kwa mdomo.

Maabara ni chumba kimoja chenye meza moja. Majaribio mengi mwalimu huyafanya mbele watoto wakitazama, halafu kila mmoja anapata zamu ya kuchovya karatasi ya litimasi na kupigwa picha. Makoti meupe ni manne, yanazunguka. Kwenye picha za ubao wa langoni utadhani ni chuo kikuu.

Pigo kubwa lilikuwa Januari 2025. Tume ya kuajiri walimu, TSC, iliajiri walimu wanagenzi 20,000 wa sekondari msingi, na mwalimu wetu wa Hisabati, yule wa mabano, alikuwa mmojawapo. Simlaumu hata kidogo. Malipo ya unagenzi si ya kujivunia, lakini ni mlango wa kuingia serikalini, na mwalimu wa shule ya kibinafsi hana mlango mwingine. Tatizo ni kwamba aliondoka na kila kitu alichokijua kuhusu watoto wetu. Muhula mzima wa kwanza wa Gredi ya 9 dawati la Hisabati lilikaliwa na watu tofauti, kila mmoja akisoma faili kwa mara ya kwanza mbele yangu. Mfumo mzima wa kila mwezi unasimama juu ya mwalimu anayekaa. Shule haikupunguza ada muhula huo, wala haikutuandikia wazazi kueleza. Tulisikia kwa watoto.

Walijikomboa wakati wa kuchagua shule za sekondari ya juu, zinazoanza Gredi ya 10. Fomu ilitaka shule 12, za bweni 9 na za kutwa 3, pamoja na mkondo: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Mimi nilikuwa nimeshaamua, kama mama yeyote wa Nairobi, kwamba ni STEM na mtoto awe daktari. Mwalimu wa darasa akaturudisha kwenye faili za miaka mitatu, akazitandaza mezani. Michoro ya masomo ya ufundi wa awali ilikuwa safi kupita chochote kingine, mistari yake kama ya mtu mzima, tena aliianza bila kuambiwa. "Mzazi, huyu anaona vitu kwa umbo," akasema. Tukabaki STEM, lakini tukatafuta shule zenye masomo ya ufundi badala ya kukimbilia majina makubwa. Mazungumzo hayo yalichukua kama dakika ishirini, na bila yale majalada yangekuwa ubishi wa nyumbani wa mwezi mzima.

Matokeo yalitoka Desemba 11, watahiniwa zaidi ya milioni 1.1 nchini kote. Wangu alipata pointi hamsini na kitu, Hisabati akiwa ME1 (kufikia matarajio), na sasa yuko Gredi ya 10 katika shule ya kutwa aliyoichagua mwenyewe. Nimefurahi. Ila lazima niseme pia kwamba mtoto wa jirani yangu wa ploti, aliyesoma shule ya umma isiyo na Jumamosi yoyote, alimpita kwa pointi kadhaa. Mama yake anauza mboga na kila usiku alikuwa akimketisha na daftari kando ya jiko, akimwambia amweleze alichosoma, ingawa yeye mwenyewe hakupita darasa la sita. Kazi ile niliyokuwa nikiilipia, yeye aliifanya bure. Kama una muda huo na mtoto wako anakusikiliza, usihamishe mtoto. Mimi hutoka kazini saa moja jioni, nikakwama Jogoo Road mpaka saa mbili na nusu.

Mdogo wake yuko Gredi ya 6 shule ya umma, analipa shilingi 5 za chakula cha kaunti kwa kugusisha ile bangili ya mkononi, na anauliza kila wiki kama dada yake ndiye aliyemharibia, kwa kuwa ameambiwa naye atapelekwa Buruburu. Nitampeleka, lakini safari hii namtaka mkuu wa shule aniambie kwanza ni walimu wangapi wa mwaka jana bado wapo.

Nawe ukitaka kuitazama shule ya namna hii, usiende siku ya matembezi iliyopangwa. Nenda Jumamosi ya mwisho wa mwezi, upite ubao wa langoni bila kusimama, uombe uonyeshwe faili la mtoto wa kawaida wa Gredi ya 8, si lile walilolitayarishia wageni. Tazama kama tarehe zimefuatana na kama kuna kazi iliyorudiwa baada ya kusahihishwa. Halafu uliza lini orodha ya vifaa hutolewa, na wakikujibu "mapema," omba kuona ya mwezi uliopita.