Uzoefu wangu: utabiri wa TMA kwa Nyanda za Juu Kusini wakati pwani ina kimbunga

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ninautumia kwa shughuli za mazao na malori kati ya Mbeya na pwani. Hapa nautathmini kwa kipindi kimoja tu: mwisho wa Aprili hadi Mei, dhoruba inapoibuka Bahari ya Hindi huku kwetu maharage ya awamu ya pili yanang'olewa na mpunga wa Kyela unakaribia kuvunwa. Naupa nyota nne kati ya tano. Ile moja iliyobaki inazuiwa na milima yetu, na nitaeleza kwa nini.

Nianze na namna ya kuusoma, kwa sababu malalamiko mengi ninayoyasikia masokoni yanatokana na watu kuchanganya taarifa mbili tofauti. Ya kwanza ni ile ya jioni, matarajio ya saa 24 kuanzia saa 3:00 usiku. Hiyo imepangwa kwa makundi ya mikoa, na Mbeya, Songwe, Rukwa, Njombe na Iringa mara nyingi husomwa pamoja kama Nyanda za Juu Kusini Magharibi. Sentensi yake ni fupi, lakini kila neno lina kazi. "Maeneo machache", "baadhi ya maeneo" na "maeneo mengi" ni vipimo vya eneo litakalofikiwa na mvua, havisemi mvua itanyesha kwa ukali gani. Ukisikia mvua katika maeneo machache, usihesabu kwamba itakuwa manyunyu. Inaweza kumwagika Isyonje hadi mifereji ifurike, na Uyole wasione tone. Chini yake kuna jedwali la miji lenye joto la juu, joto la chini na nyakati za mawio na machweo. Kwa anayeanika mazao, jedwali hilo lina manufaa kuliko sentensi yenyewe: joto la juu likishuka kwa nyuzi tatu au nne kutoka jana yake, maana yake ni mawingu mchana kutwa hata kama mvua haijatajwa.

Ya pili ni tahadhari ya siku tano, ile yenye ramani na rangi. Njano ni angalizo, rangi ya machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Rangi inatokana na mambo mawili yanayoandikwa kando yake: uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Hapo ndipo pa kutuliza macho. Njano ya uwezekano mkubwa na athari ndogo inakutaka uahirishe kuanika, basi. Njano ya uwezekano mdogo na athari kubwa inakutaka uondoe pampu ya maji mtoni, kwa sababu kuiondoa ni kazi ya nusu saa na ikisombwa ni hasara ya msimu mzima. Rangi ni ileile, kazi ni tofauti kabisa. Anayesambaza picha ya ramani bila maandishi yake amekata nusu ya taarifa.

Ujue pia viwango vinavyotumika. Mvua kubwa ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24, na angalizo la upepo baharini kwa kawaida hutaja kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo milimita 50 juu ya paa la mita 10 kwa 10 ni lita 5,000. Ukilifanyia hesabu hiyo ghala lako na mfereji wake, utajua kama mfereji unatosha kabla mawingu hayajakusanyika.

Sasa tuje kwenye kimbunga chenyewe. Msimu wa vimbunga kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi kwa kawaida ni Novemba hadi Aprili, lakini Mei haijafungiwa mlango. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024 na kikapoteza nguvu hapo. Majina ya vimbunga vya ukanda huu hutolewa na ofisi za hali ya hewa za Mauritius na Madagaska, na kituo cha Ufaransa kilichoko kisiwani Réunion ndicho kinachofuatilia njia ya kila kimbunga na kutoa taarifa kila baada ya saa sita. Mfumo hupata jina upepo wake unapofikia takribani kilomita 63 kwa saa, na huitwa kimbunga kamili kuanzia takribani 118. Vipimo hivyo vyote ni vya upepo. Mvua haimo. Ndiyo maana habari kwamba kimbunga "kimedhoofika" haimpi nafuu mtu mwenye daraja mbele yake: Hidaya ilidhoofika, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga, wilayani Kilwa.

Kutoka Mafia hadi Mbeya mjini kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 700, na hadi Iringa ni kama 440. Upepo wa kimbunga haufiki huku. Kinachofika ni mabadiliko ya mkondo wa hewa, na mabadiliko hayo yanategemea kimbunga kimesimama wapi.

Kikiwa mbali, kaskazini mashariki au mashariki mwa Madagaska, huweza kuvuta hewa yenye unyevu kutoka upande wa Kongo. Upepo unageuka kuwa wa magharibi, na Rukwa, Songwe na Mbeya hupata mvua za radi za alasiri katika wakati ambao watu walishadhani msimu umekwisha. Kikiwa ndani ya Mlango wa Msumbiji, yaani bahari iliyo kati ya Msumbiji na Madagaska, mara nyingi hufanya kinyume: kinanyonya unyevu kuelekea kwake na anga letu linakuwa jeupe. Watu huku husema utabiri umedanganya kwa sababu redio inazungumzia dhoruba na nje kuna jua kali. Haujadanganya, wamesikiliza mstari wa Mtwara na Lindi.

Hali ya tatu ndiyo yenye mambo mengi kwetu, nayo ni kimbunga kinaposogelea pwani ya Kilwa au Mafia. Katika kizio cha kusini, yaani nusu ya dunia iliyo kusini mwa ikweta, upepo wa kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Sisi tukiwa magharibi yake, upepo unatujia kutoka kusini na kusini mashariki. Hewa hiyo inapita juu ya Ziwa Nyasa, inagonga safu ya Livingstone na Mlima Rungwe, inapanda na kupoa. Matokeo yake ni mvua na ukungu Kyela, Busokelo na Tukuyu, ambako hata mwaka wa kawaida mvua huzidi milimita 2,000. Mbeya mjini hupata mawingu mazito na baridi, mvua kidogo au hakuna. Ukishuka Mbarali, ng'ambo ya milima, hewa imeshamwaga maji yake: kukavu, na upepo unarusha vumbi. Miteremko ya mashariki ya Mufindi na Udzungwa nayo hushika ukungu, na dereva anayepanda Kitonga alfajiri ataukuta barabarani.

Mkoa mmoja basi, hali tatu kwa siku moja. Sentensi moja ya kundi la mikoa haiwezi kuzibeba zote, na hiyo ndiyo nyota niliyoizuia. Ningefurahi sana kuona Kyela na Rungwe zikipewa mstari wao, Mbarali wake. Kwa sasa kazi hiyo inabaki kwa msomaji: angalia upepo unatoka wapi, kisha jiulize uko upande gani wa mlima.

Wengi hukimbilia programu za simu kwa sababu zinatoa saa kwa saa. Ninazitumia pia, lakini kwa mpaka. Kompyuta za utabiri wa dunia hugawa ardhi katika miraba. Modeli (hesabu ya kompyuta) ya Ulaya hutumia miraba ya karibu kilomita 9, na takwimu za modeli ya Marekani zinazotumiwa sana ni za karibu kilomita 25. Mraba wa kilomita 25 unaweza kumeza Uyole, Igoma na kilele cha mlima kwa pamoja na kuwapa mwinuko mmoja wa wastani. Joto hupungua takribani nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo kama simu inakuhesabu uko mita 1,300 nawe uko 1,900, itakuonyesha joto la ziada la karibu nyuzi nne. Kwa viazi hilo si dogo. Programu nyingine huandika mwinuko inaoutumia. Ulinganishe na wako kabla ya kuamini.

Kwenye programu ya Windy unaweza kuweka modeli ya Ulaya na ya Marekani kando kwa kando. Zikikubaliana kuhusu mahali kimbunga kitagusa nchi kavu, zipe uzito. Zikitofautiana, usichague ile inayokupendeza. Rudi kwenye taarifa ya TMA na usubiri toleo linalofuata. Modeli ya Ulaya huanza hesabu zake kuu saa 9 usiku na saa 9 alasiri kwa saa zetu, na matokeo huchukua saa kadhaa kutoka. Kuangalia simu kila baada ya dakika kumi kunakuonyesha hesabu ileile. Kwangu mara mbili zinatosha, kabla ya mchana na kabla ya kulala.

Kuna simu zenye kipima kanieneo (mgandamizo) cha hewa, na wenye nazo hushtuka alasiri wakiona namba inashuka. Ukanda huu kanieneo hupanda hadi kama saa 4 asubuhi kisha hushuka hadi kama saa 10 jioni, kila siku, hata kama hakuna wingu. Linganisha saa ileile ya jana na leo, vinginevyo unapima mzunguko wa kawaida wa siku.

Kifaa ambacho ningemshauri kila mkulima awe nacho ni kipimamvua. Si lazima cha dukani: chombo chenye kuta zilizonyooka kutoka mdomoni hadi chini na rula ya milimita vinatosha. Kiweke wazi, umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mti au nyumba iliyo karibu, na kisome saa 3 asubuhi, muda uleule unaosomwa vituoni. Chupa iliyokatwa yenye shingo nyembamba au kitako kilichobonyea haifai, kwa sababu urefu wa maji ndani yake si milimita za mvua. Baada ya misimu michache utajua mvua ya "Mbeya" kwenye utabiri inakuwa kiasi gani shambani kwako.

Kwa vitendo, tahadhari ya kimbunga cha pwani ikitoka na upepo wetu ukigeuka wa kusini mashariki, maharage yaliyong'olewa hayafai kulala shambani upande wa Rungwe. Ukungu wa siku mbili unayabadilisha rangi na bei inaanguka. Yaanikwe kwenye turubai kwa tabaka jembamba la sentimita nne au tano na kugeuzwa mara kwa mara, na yasiingie guniani kabla unyevu haujafika asilimia 13 hivi. Mahindi yaliyokauka kwenye bua hustahimili zaidi, mradi masuke yameinama chini. Viazi mviringo vya Uporoto ndivyo vinavyotaka uharaka: manyunyu na baridi vya mfululizo huleta ugonjwa wa baka jani chelewa kwa kasi kuliko mvua kubwa ya saa moja. Dawa ya kinga yenye mankozebu inapigwa kabla ya unyevu kuanza, na inahitaji saa kadhaa za kukauka kwenye jani, la sivyo inaoshwa yote. Tahadhari ya siku tano hukupa nafasi hiyo. Utabiri wa saa 24 mara nyingi umechelewa kwa kazi hii.

Kuhusu ujumbe wa sauti na picha zinazozunguka WhatsApp: taarifa halisi ina tarehe na saa ya kutolewa. Wakati wa kimbunga taarifa huweza kutoka zaidi ya moja kwa siku, kwa hiyo hata iliyo halisi inakuwa imepitwa ikiwa ni ya jana asubuhi. Isiyo na saa, usiitumie kupanga safari.

Wavuvi na wasafiri wa Matema na Itungi wasikilize mstari wa Ziwa Nyasa, si wa bahari. Upepo wa kusini mashariki, ambao ng'ambo Malawi wanauita mwera, hupita urefu wote wa ziwa bila kizuizi na hufika kaskazini ukiwa na mawimbi yaliyokusanya nguvu njiani. Pwani ya bahari inaweza kuwa imeshatulia, tahadhari yake imefutwa, na ziwa bado linachafuka siku moja au mbili zaidi.

Kwa malori, utabiri unakuambia mvua, haukuambii daraja. Kwa mzigo wa kwenda Lindi na Mtwara kupitia Dar es Salaam, hali ya barabara iulizwe kwa TANROADS (wakala wa barabara) wa mkoa husika kabla lori halijatoka Makambako, kwa sababu pale ndipo bado unaweza kukata kushoto kwenda Dar au kulia kupitia Njombe na Songea. Ukishashuka Kitonga, kurudi ni mafuta ya bure.