Kaukau za muhogo Ngamiani: ladha ya kile kiwanda cha Gofu bado ipo

Jamani watu wa Tanga, hasa mliokulia Ngamiani na kule Gofu miaka ya 80, mnakikumbuka kile kiwanda kidogo cha tambi za dengu na kaukau karibu na reli? Basi kuna mama Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, nyumba ya kona yenye mlango wa kijani, anauza barazani kwake na anatengeneza zilezile. Sisemi zinafanana, nasema zilezile. Nimeshanunua mara tano ndani ya wiki tatu ndo nakaa kuandika, nilitaka niwe na hakika kwanza nisije nikawa nimeponzwa na kumbukumbu tu.

Kaukau za muhogo ndo zenyewe. Nyembamba, ukiinyanyua kwenye mwanga unaona kivuli cha kidole chako upande wa pili, ina chumvi, pilipili ya kusaga na ndimu, tena ile ndimu unaikuta mwisho kabisa ukishameza. Ukiuma ni kacha kacha, haigandi kwenye meno. Anatumia muhogo wa aina ya kibandameno kutoka shamba, mwingine hataki, anasema huu muhogo ni mtamu na haumsumbui. Nilimkuta asubuhi anakata, akishakata anaosha maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka yale maji meupe ya wanga yaishe yabaki maji ya kawaida, halafu anaanika kwenye ungo kivulini. Bila kuosha hivyo vipande vinashikana kwenye karai na vinatoka kama gome.

Kwenye kukaanga ndo nilisimama nikamtazama kama mtoto. Hatazami saa wala nini, anasikiliza. Vipande vikiingia mafuta yanapiga kelele, povu linapanda, yeye ametulia na mwiko wake, kelele ikianza kupungua anasogea, ikizima kabisa anaopoa hapo hapo. Akaniambia, "Mwanangu, mafuta yakinyamaza maji yameisha ndani, ukingoja tena unaunguza." Nikamuuliza mama hii umejifunzia wapi. Akanitazama, akasema, "Kwani wewe mtoto wa wapi?" Nikamwambia wa Gofu. "Basi hizi umezila."

Kumbe alikuwa kiwandani pale, kaingia msichana mdogo, meza ya kufungasha, baadaye akahamia kwenye makarai. Nilishindwa kuondoka, nikaletewa kigoda nikakaa mpaka adhuhuri.

Maana mie kile kiwanda kimenilea. Tukitoka shule tunapita nyuma kwenye kile kidirisha cha mbao, unatoa sumni yako unapewa chenga, yaani zile zilizovunjika ambazo haziendi kwenye pakiti, zimefungwa kwenye gazeti limekunjwa kama pembe, mafuta yanachora mpaka maandishi yanapotea. Chenga ndo zilikuwa tamu kuliko nzima kwa sababu chumvi na pilipili yote inashuka chini. Kusi ikivuma harufu ya dengu inafika mpaka majumbani, na bi mkubwa wangu akiisikia anajua saa ngapi bila redio, anaanza kuinjika chai. Halafu kulikuwa na siku kidirisha kimefungwa na hakuna harufu, maana ile miaka ya 1982 mpaka 84 mafuta ya kula yalikuwa adimu mno, sukari foleni, sabuni foleni, na kiwanda cha kukaanga bila mafuta kitafanya nini. Huyu mama anasema siku hizo walikuwa wanaitwa kazini wanafagia, wanasugua makarai yanang'aa, wanarudi nyumbani.

Na wala haikuwa peke yake, Tanga yetu ilikuwa ya viwanda jamani, watoto wa sasa ukiwaambia wanaona unawapiga kamba. Kulikuwa na Mbolea, kile kilianza 1972 kikafungwa 1991, kulikuwa na Chuma, kulikuwa na cha sabuni, cha kamba za mkonge, watu wanaamka kwa king'ora. Mitaa mizima ilikuwa inaenda kwa zamu. Vile vikubwa vinatajwa kila siku lakini hiki cha tambi hakuna anayekitaja, kwa sababu kilikuwa godauni moja na makarai sita na wanawake wengi. Spea za mashine ya kusukuma tambi zikawa hazipatikani, soko likafunguliwa zikaingia pakiti za nje zenye rangi nzuri, wakapunguza watu kidogo kidogo, mwisho likabaki kufuli. Alivyonisimulia siku ya mwisho sauti yake ilishuka. Aliondoka na mwiko wake, ndo huu huu anaokaangia, mpini umelika upande mmoja pale kidole gumba kinapokaa.

Kwa hiyo mtu akiniambia "ni kaukau tu" namuelewa ila simkubalii. Mwezi uliopita nilinunua pakiti ya dukani, sitaji ya nani, imejaa upepo, ndani vipande kama kumi na mbili na mafuta yamechacha, harufu inakupanda puani kabla hujala. Mama huyu mafuta yake akikaanga mara ya tatu anayatoa, niliona kwa macho yangu kayaweka pembeni kwenye dumu.

Tambi za dengu nazo safi sana, za njano iliyotulia kwa binzari, kuna pilipili manga nzima nzima unakutana nazo. Na chai ya tangawizi usiku, hapo sina la kuongeza. Za viazi ndo sizisifii sana. Viazi ni vya Lushoto, vizuri tu, ila vikikaa sana vinaingia sukari ndani, ukikaanga vinawahi kuwa kahawia na vinaacha uchungu kwa mbali. Pakiti mbili nilipata hivyo. Nilimwambia na hakukasirika, akasema mzigo ule ulichelewa kushuka.

Shida kubwa ni kufunga. Bado anafunga kwa mshumaa na kipande cha msumeno, anakunja mdomo wa nailoni juu ya kile chuma anapitisha moto, unabaki mstari mweusi wa moshi. Naupenda ule mstari kwa sababu ndivyo zilivyokuwa zamani, lakini lazima niseme ukweli, pakiti moja kati ya nne hivi inakuwa na tundu, na kwa unyevu wa huku kwetu pwani siku mbili tu kaukau zimelegea. Ile mashine ndogo ya umeme ya kufungia siyo ya hela nyingi sana, na akipata na alama ya ubora ya TBS, wale wa Shirika la Viwango, hata madukani zitaingia. Watoto wake mkisoma hapa msaidieni mama.

Bei ni 500 pakiti ndogo, 2,000 kubwa, na kubwa ni kubwa kweli, siyo upepo. Lipa namba anayo ila simu anakaa nayo mjukuu, hivyo nenda na keshi. Wahi kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa hapiki. Usimtume bodaboda, mie nilituma zikafika zote unga.

Nampa nyota nne kati ya tano, moja namshikia mpaka apate kifungio. Bi mkubwa wangu nilimpelekea pakiti kubwa, macho hayaoni vizuri siku hizi, akainusa kwanza, akasema "Gofu", akala taratibu mpaka zikaisha, zile za chini akazimimina kiganjani.

Na ukienda ulizia chenga. Haziweki nje, anazo kwenye bati chini ya meza, anakufungia kwenye gazeti.